Harusi nimezizoea, ajensi za mamodo naziingiaje?

Karibuni tena kwenye maswali na majibu. Safari hii mambo ya ngozi na nywele nimeyaweka pembeni, yatarudi toleo lijalo msinune, maana wapiga picha mmeandika kweli kweli na wengi mnalia kilio kimoja: kamera ipo, jicho lipo, Insta watu wanasifia, ila mlango wa ajensi haufunguki. Nimechagua machache, majina halisi nimeyaficha kama mlivyoomba.

SWALI: Shikamoo anko. Mimi ni mpiga picha, nipo Tabata, kazi yangu kubwa ni harusi, sendofu na kicheni pati. Mwaka huu nimeanza kupenda fasheni, nimepiga washkaji na madada wa mtaani pale Coco na mitaa ya Posta, picha zinatoka kali tu. Nimetuma DM kwenye ajensi kadhaa za mamodo hapa Dar, moja tu ndo imejibu, ikasema "sawa tutakucheki", mpaka leo kimya. Nakosea wapi? Au mpaka niwe na studio? Na hivi wao ndo wananilipa au mimi ndo nawalipa? — Mzee wa Shata, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza nikutoe hofu, mtu anayeweza kupiga sendofu ukumbini taa za bluu zinawaka, MC anapiga kelele, mjomba kasimama mbele ya lenzi na simu yake na kamati inauliza picha ziko wapi, huyo hashindwi na modo mmoja aliyetulia mbele ya ukuta. Ufundi unao. Shida ni kile unachowaambia.

Ile DM uliyonitumia niione inasema "habari, mimi ni mpiga picha mzuri, naomba kufanya kazi na nyie, hii ni peji yangu". Sasa jiweke upande wa yule dada anayeshika simu ya ajensi. Kuna mteja anataka mamodo wanne kesho saa mbili asubuhi na kila mmoja aje na viatu vyeusi, kuna mama wa modo anauliza mwanangu analipwa lini, kuna mabinti kibao wanatuma selfi wanataka kuwa mamodo, halafu na wewe unamletea kazi ya kufungua peji yako apite kwenye maharusi na keki na magari ya maua akutafutie picha tatu za fasheni. Hawezi. Wala sio dharau.

Kitu ambacho wapiga picha wengi hawakielewi ni hiki, ajensi haiuzi picha, inauza watu. Kampuni ya simu, benki, dizaina, duka la nguo, wote hao wanakuja kutafuta mtu, wanamlipa, na ajensi inakata asilimia yake (huko New York na Ulaya mkato wa kawaida ni kama asilimia 20 ya malipo ya modo, huku kwetu inategemea mkataba). Kwa hiyo picha yako inakuwa na maana kwao pale tu inapomsaidia mtu wao kupata kazi. Ikiwa kali sana ila modo haonekani mabega yakoje, shingo ikoje, anatembeaje, hiyo ni picha ya kwako wewe, wao haiwasaidii.

Na wana njaa ya picha kuliko unavyodhani. Kila ajensi ina kundi la sura mpya, mabinti na vijana waliosajiliwa juzi ambao hawana kitu zaidi ya picha za simu, na hao hawawezi kupelekwa kwa mteja mpaka wapate picha za maana. Mlango wako upo hapo. Usiombe kupiga yule modo wao mkubwa anayeonekana kwenye mabango, huyo ana wapiga picha foleni. Omba wale wapya.

Kwa sura mpya wanataka vitu viwili na wewe jifunze vyote. Cha kwanza ni digitali, wengine bado wanaziita polaroidi kwa sababu zamani zilipigwa na ile kamera inayotema picha hapo hapo. Hizi ni picha za kumwonyesha mtu alivyo, basi. Jinzi ya kubana au taiti nyeusi, singlendi ya kubana isiyo na maandishi, nywele zimebanwa nyuma, wigi linavuliwa, kope za kubandika zinatoka, mekapu hakuna kabisa, na hapo ndo utagombana na mabinti wa Dar maana kuna wengine hawajaonana na kamera bila kope tangu fomu four. Wavumilie ila usikubali. Flaviana Matata alipanda jukwaa la Miss Universe kule Mexico mwaka 2007 akiwa na kichwa cha kunyoa na akaingia kumi bora, baadaye akafanya kazi New York, kwa hiyo hadithi ya bila nywele sipendezi isikusumbue.

Unapiga mbele, ubavu wa kulia na wa kushoto, robo tatu, mgongo, uso kwa karibu akiwa serious na mwingine akicheka meno yaonekane, halafu fulu bodi. Ukuta mweupe au wa kijivu, kivulini, mwanga wa asubuhi. Lenzi 50 au 85, usiende na lenzi pana ukamsogelea, utamfanyia kichwa kikubwa na miguu mifupi. Fulu bodi kamera ishuke usawa wa kiuno, uso irudi usawa wa macho. Na usiediti ngozi, kovu liache, chunusi iache, kiuno usikiguse kabisa.

Kwa nini wanabana hivyo? Kwa sababu ajensi nyingi za huku zikimpata mtu mwenye vigezo zinafanya kazi kama ajensi mama, zinatuma hizo digitali kwa ajensi za Johannesburg, Cape Town, Milan, Paris, na yule wa kule anaamua kwa kuangalia hizo picha na vipimo tu, urefu (kwa wanawake wa jukwaani mara nyingi ni kama sentimita 173 hadi 180), kifua, kiuno, nyonga. Sasa wewe umemnyoosha nyonga kwenye Fotoshop, binti kakatiwa tiketi, kafika, wanatoa futi kamba wanampima. Unadhani ajensi ya Dar itakupigia simu tena?

Cha pili ni testi. Hapa ndo unaachiwa nafasi, kuna mekapu, kuna nguo, kuna wazo, lakini bado modo ndo mwenye picha. Niliwahi kukaa pembeni ya mtu wa bukingi, yaani anayewapangia mamodo kazi, ofisi moja Mikocheni akipitia testi alizoletewa na kijana mmoja hivi. Anasukuma kwa kidole gumba, hasomi, hasemi. Modo kageukia bahari jua linazama, futa. Modo kafunikwa na moshi wa rangi, futa. Modo kalala juu ya gari la zamani, kasita kidogo, futa. Akafika kwenye moja binti kaegemea geti la bati la kijani, gauni la kawaida tu la mtumba, mikono wazi, kidevu kimenyanyuka, macho yako hapa, akaikuza mpaka kwenye vifundo vya miguu, akarudi usoni, akaituma WhatsApp kwa mteja pale pale. Geti la bati hilo, na yule kijana kwa maelezo yake alikuwa kalipia boti kwenda kupiga zile za bahari.

Kwa hiyo ukienda tena, nenda hivi. Tafuta imeili yao, DM achana nayo, au piga simu uulize nani anashughulika na sura mpya. Andika kifupi: "Habari, naitwa fulani, napiga picha za fasheni hapa Dar. Naomba kupiga digitali na testi kwa sura mpya wawili mlionao, bila malipo, Jumamosi asubuhi. Mtu wa mekapu na nguo ninao. Picha mtazipata ndani ya siku tano. Mifano ya kazi zangu hii hapa." Hapo umemrahisishia, anajibu ndio au hapana. Mifano weka picha nane mpaka kumi na mbili kwenye PDF moja nyepesi inayofunguka kwenye simu, za watu watatu wanne tofauti, na harusi hata moja isiwemo, hata ile ya Bagamoyo unayoipenda. Peji ya fasheni ifungulie akaunti yake.

Huna mifano? Basi ufundi unao kama nilivyosema, ila stoo haina mzigo. Chukua watu watatu wenye urefu, hata jirani anayecheza basketi, wapige digitali kama nilivyosema, halafu testi mbili tatu. Nguo tafuta dizaina mchanga anayehitaji picha kama wewe unavyohitaji nguo, au shuka Karume kwenye mitumba asubuhi na stailisti mwenye jicho, kitambaa kipo Kariakoo. Mtu wa mekapu unawajua wengi kutokana na harusi, ila mwambie mapema hii sio mekapu ya bibi harusi, tunataka ngozi ionekane ngozi.

Studio sio lazima. Kibaraza chenye kivuli na ukuta msafi kinatosha kuanzia, ukihitaji taa siku moja unakodi.

Hela sasa. Mwanzo hakuna anayemlipa mwenzake, modo anapata picha, wewe unapata picha, mekapu anapata picha, na nauli kila mtu na yake ila maji na chipsi nunua wewe maana ndo uliyewaita. Ila isiwe milele. Ukishapiga testi tatu nne na ukaona picha zako wameziweka kwenye kadi za mamodo wao, ile kadi yenye uso mkubwa mbele, picha ndogo ndogo nyuma na vipimo, basi taja bei ya testi, na uitaje bila kupepesa macho. Wakisema hawana bajeti sawa, ila usiendelee kupiga bure kwa mtu ambaye anatumia picha zako kutafutia hela.

Tena hela ya kweli haitoki kwa ajensi, inatoka kwa mteja wa nje, na hapa nashangaa hujajiona ulivyo tajiri. Wewe unawajua wauza shela, unawajua mafundi suti wa Kariakoo na maduka ya Sinza yanayokodisha magauni ya sendofu. Hao wote wanahitaji katalogi, na wengi wanapiga gauni kwenye mdoli wa plastiki. Nenda na ofa, nitawapigia na modo wa ajensi, bei ni hii, halafu piga simu ajensi uwaambie nina kazi naomba mamodo wawili kwa bajeti hii. Jaribu siku hiyo uone simu yako itakavyopokelewa. Mpiga picha anayeleta kazi hata DM yake inajibiwa usiku.

Na Desemba kwa kawaida kuna Swahili Fashion Week, ipo tangu 2008 alipoianzisha Mustafa Hassanali, madizaina, mamodo, watu wa ajensi wote wanajikuta sehemu moja. Omba kupiga nyuma ya jukwaa kupitia dizaina mmoja mdogo anayehitaji picha zake, usiende kuwavamia watu wa ajensi dakika ambayo modo wao anatafuta kiatu cha pili. Salimia, piga kazi, tuma picha kesho yake asubuhi wakati wengine bado wamelala.

SWALI: Anko mambo, kuna ajensi imeniambia nilipe laki mbili na nusu nisajiliwe kama fotografa wao rasmi, napewa kitambulisho na tisheti. Nilipe? — Dada wa Mbagala

JIBU: Poa dada yangu. Usilipe. Mpiga picha hasajiliwi na ajensi ya mamodo kwa kulipia, anaitwa kwa sababu picha zake zinafanya kazi. Tisheti unaweza kushonesha mwenyewe.

Ila nikuonye na upande wa pili wa hiyo hiyo biashara kwa sababu utaletewa. Kuna ofisi zinaita mabinti kwa tangazo kubwa, kila anayekuja anaambiwa una kipaji, sasa lipia picha za potifolio (zile za kuwaonyesha wateja) kwa mpiga picha wetu, na mpiga picha wao anarudishia ofisi nusu. Hakuna mteja, hakuna kazi, hela yote inatoka kwa mabinti na wazazi wao, wengine wamekopa vikoba. Wewe ndo utakuwa umeshika kamera, na jina litakalokumbukwa ni lako, maana ofisi itahama. Kabla hujakubali dili na ajensi yoyote waulize kistaarabu mamodo wenu wamefanya kazi gani karibuni na za nani, kisha tafuta hayo matangazo uyaone kwa macho. Uliza kama wamesajiliwa BRELA, wale wa kusajili biashara, na kama wanatambulika BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Ofisi iliyosimama haikasiriki ukiuliza.

SWALI: Kaka, mimi nimepiga testi bure na modo wa ajensi moja mwezi wa nne, tukakubaliana ni kwa ajili ya potifolio. Juzi napita barabarani nakuta picha yangu kwenye bango la duka la nguo! Nimewauliza ajensi wanasema picha ni za modo wetu kwa hiyo ni zetu. Modo mwenyewe anasema hajalipwa hata mia. Nifanyeje? — Nimechoka, Kinondoni

JIBU: Pole sana kaka, na usianze na matusi kwenye posti, ukianza na hayo umepoteza nusu ya nguvu yako.

Kwanza kapige picha hilo bango, lionekane na mazingira yake, andika tarehe. Tafuta faili zako za kwanza kabisa kwenye kadi au kompyuta, zile rawu, maana ndani yake zina tarehe na saa na aina ya kamera, na duka hawana hizo. Chukua skrinshoti za WhatsApp mlipokubaliana, hata kama ni "poa bro ni ya buku tu", yaani buku la potifolio, sio la shilingi.

Halafu ujue ulipo kisheria. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, picha ni kati ya kazi zinazolindwa, na ulinzi unaanza pale unapoiunda kazi, husubiri cheti. COSOTA ndo ofisi inayosimamia mambo hayo, unaweza kupeleka malalamiko. Kuwa na modo wao ndani ya picha hakuwapi ajensi haki ya kuiuza, kama ambavyo na wewe kuwa umeibonyeza hakukupi ruhusa ya kuuza sura ya yule binti kwenye tangazo bila yeye kukubali. Picha ya tangazo inahitaji ndio ya pande zote mbili, na hapo duka halikupata ndio yako na kwa maelezo yako hata modo hakuulizwa.

Binafsi ningeanza na duka, kwa barua ya heshima au niende mwenyewe. Mara nyingi mwenye duka hajui lolote, kaletewa picha na mtu wa kati kalipa kalala. Mwambie picha hii ni yangu, faili ninazo, sijaruhusu, matumizi ya bango kwa miezi mitatu bei yake ni hii, ukilipa nakupa ruhusa ya maandishi iendelee kukaa. Wengi wanalipa kuliko kushusha bango. Akigoma ndo unakwenda COSOTA au kwa mwanasheria.

Kwa wengine mnaosoma, karatasi moja inaondoa haya yote. Andika kwa Kiswahili cha kawaida: picha hizi ni za nani, modo na ajensi wanaruhusiwa kuzitumia wapi (potifolio, kadi, peji zao), haziruhusiwi kuuzwa wala kuwekwa kwenye tangazo mpaka tukae tena, jina la mpiga picha litatajwa, sahihi, tarehe. Wote watatu wasaini kabla ya kamera kutoka kwenye begi, kwa sababu baada ya shuti kila mtu ana haraka ya bodaboda. Na faili rawu usimpe mtu. Wape zilizochaguliwa na kumalizwa. Ajensi ikikulipa kazi ya mteja andika invoisi yenye TIN yako, na usishtuke kampuni ikikata kodi ya zuio ya asilimia 5, kwenye laki nne ni elfu ishirini, ila dai cheti cha hayo makato uende nacho TRA.

SWALI: Ajensi imenipa modo wa kupiga testi, binti mrefu balaa, kumbe ana miaka 16. Wamesema haina shida. Kweli haina? — Mpiga picha, Ubungo

JIBU: Shida ipo kama utamchukulia kama mtu mzima. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 chini ya miaka 18 ni mtoto, sahihi yake pekee haikusaidii, mzazi au mlezi ndo anasaini. Na mzazi awepo kwenye shuti, au dada mkubwa, au mtu wa ajensi wa kike anayejulikana na familia, akae pale anapoweza kuona. Nguo za kuogelea hapana, za ndani hapana, na mawazo yenu ya "kimapenzi kidogo" yaacheni kabisa. Siku ya shule asipigwe. Ukimaliza mrudisheni kabla ya giza.

Na hata kwa wenye miaka 25 sehemu ya kubadilishia nguo iandaliwe, kama ni nje basi khanga mbili na mtu wa kushika. Usimguse modo kumrekebisha bila kusema, sema "naomba unyanyue kidevu", au mwache stailisti. Mamodo wanaongea wao kwa wao kwenye magrupu yao na ajensi inasikia kabla hujafika nyumbani. Kuna wapiga picha wazuri tu hapa mjini hawaitwi tena na hawajui kwa nini. Sisi tunajua.

SWALI: Anko picha zangu za mamodo weusi zinatoka za kijivu au giza, nikiongeza mwanga kwenye kuediti wanapauka. Napigia Posta mchana sababu nikitoka kazini lanchi ndo nafasi yangu. Mtu wa ajensi kaniambia rangi za ngozi sio. Nibadilishe kamera? — Lenzi Mbovu, Ilala

JIBU: Kamera iache, badilisha saa. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kuna nyakati mwanzoni mwa Machi na karibu katikati ya Oktoba jua la saa sita na ushee linakaa utosini kabisa, na hata miezi mingine saa hizo linabaki juu sana. Mwanga unashuka kama mvua, macho yanakuwa mashimo, pua inang'aa, shingo inapotea. Hakuna kamera ya milioni tano inayotibu hiyo. Omba Jumamosi, anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa tatu uwe unafunga begi. Jioni kuanzia saa kumi na nusu, ila usizubae, huku kwetu jua likishazama giza linaingia fasta.

Kama lanchi ndo nafasi yako kweli basi ingia kwenye kivuli cha ghorofa, na mitaa ya Posta hivyo vipo vingi, modo akae ukingoni mwa kivuli akitazama upande wa wazi, ukuta wa ng'ambo unaopigwa na jua ndo unakuwa taa yako. Shuka jeupe au boksi jeupe la foamu chini ya kidevu linamaliza.

Halafu ngozi nyeusi inapendeza kwa mng'ao, sio kwa kumwagiwa mwanga. Mafuta kidogo kwenye mabega na mifupa ya shavu, chanzo cha mwanga kiwe kikubwa na kiwe ubavuni, utaona umbo linajichora lenyewe. Kamera ikiona ukuta mweupe nyuma inadanganyika inapunguza mwanga, modo anatoka giza, kwa hiyo pima kwenye shavu lake, au ongeza mwanga hatua moja mwenyewe kwenye kamera. Ule ukijivu mara nyingi ni rangi ya mwanga (white balance) uliyoiacha ijipange yenyewe, ipange kwa mkono.

Kumpausha ukiwa unaediti usirudie. Herieth Paul, aliyezaliwa hapa hapa Tanzania, amekuwa sura ya kampuni ya vipodozi ya Maybelline akiwa na weusi wake, na mteja anayemhitaji mtu wa rangi hiyo anataka kuiona hiyo rangi. Weka picha pembeni ya modo mwenyewe, au pembeni ya selfi yake ya dirishani, linganisha kabla hujatuma.

Na kwa vile unapigia Posta, ukishuka Kivukoni na Barabara ya Barack Obama uwe mwangalifu unakoelekeza lenzi, Ikulu ipo pale, bandari ipo karibu, na vyombo vya ulinzi havitakuuliza kama hiyo ni testi ya ajensi. Kwenye majengo ya watu, hoteli na maduka makubwa omba ruhusa siku mbili kabla na uwe na jina la aliyekuruhusu kwenye simu, maana mlinzi wa zamu atakwambia hajaambiwa, halafu modo atakuwa amesimama juani na mekapu inayeyuka wakati nyie mnatafutana na meneja.